Hodi Kwanza, Kamera Baadaye: Mwongozo wa Kupiga Picha Fizi na Baraka

Mpiga picha anayefika Ziwa Tanganyika kwa upande wa Tanzania ana njia iliyokwisha kukanyagwa: Gombe kwa ajili ya sokwe, Ujiji kwa mnara wa Livingstone, na Mahale kama mfuko unaruhusu. Ng'ambo, upande wa Kongo, hakuna njia ya namna hiyo. Si kwamba Baraka na Fizi hazijapigwa picha. Zimepigwa, ila karibu zote ni picha za dharura: askari njiani, mahema ya wakimbizi, mgonjwa wa kipindupindu kitandani. Kinachokosekana ni siku ya kawaida ya watu wanaovua, wanaokamua mawese, wanaounda boti na wanaokwenda kanisani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayevuka kutoka Kigoma au Bujumbura, na pia wa mwana wa Fizi aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Nairobi au Marekani, ambaye sasa anarudi kuwasalimia ndugu akiwa na kamera begani. Kanuni yake ni moja: usitafute mandhari, tafuta kazi za watu. Kila mahali pazuri Fizi pana saa yake na pana mwenyewe. Ukijua saa na ukamjua mwenyewe, picha umeshaipata nusu.

Je, uende sasa?

Tuanze na swali gumu. Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliichukua Goma, Februari likaichukua Bukavu, na Desemba mwaka huohuo vita vikafika Uvira. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilikuwa imeshafunga kazi yake Kivu Kusini katikati ya 2024. Ndani ya Fizi kwenyewe kuna makundi ya Mai-Mai na mengine yenye silaha, na milima ya kuelekea Itombwe na Minembwe imeona mapigano kwa miaka mingi.

Kwa hiyo usipange safari hii kwa tarehe isiyobadilika. Panga kwa habari. Kabla ya kuvuka, uliza watu wawili wasiojuana: kwa mfano nahodha wa boti aliyefika jana, na mtu wa parokia au wa sosiete sivile (asasi za kiraia) anayeishi Baraka. Maneno yao yakigongana, subiri. Ukiwa kule, fanya hivyohivyo kila asubuhi kabla ya kutoka mjini. Njia iliyokuwa salama Jumatatu huenda isiwe salama Alhamisi, na hakuna picha inayostahili kumwingiza motari wako, yule dereva wa pikipiki, matatani. Kama hali imechafuka, soma mwongozo huu, uuweke, usubiri.

Karatasi na ofisi

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini usichukulie kwamba uanachama umefuta masharti yote ya kuingia. Kigoma kuna ubalozi mdogo wa Kongo. Uliza hapo masharti ya raia wa nchi yako kabla ya kulipa nauli. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana itaulizwa.

Ukishuka Baraka, utaanza na watu wa uhamiaji, DGM. Usiishie hapo. Nenda ofisi ya meya, na kama utapanda hadi Fizi-kati, jitambulishe kwa administrata wa teritwari. Watu wa ANR, idara ya usalama, watakuja kukuona wenyewe usipowatangulia, na ni heri uwatangulie. Beba barua fupi ya Kifaransa inayosema wewe ni nani, unapiga picha za nini, utakaa wapi na nani ni mwenyeji wako. Toa nakala kumi. Kila ofisi itataka yake, na kila nakala yenye mhuri itakufungulia ofisi inayofuata. Kama ni mwandishi wa habari, kibali cha wizara ni jambo jingine kabisa. Kitafute mapema, usijifanye mtalii.

Vijijini, mlango ni shefu wa kijiji. Hata ukiwa na mihuri mitano ya mjini, anza kwake. Salimu, kaa, eleza shauri lako, halafu mwache akuchagulie mtu wa kukutembeza. Mtu huyo ndiye kibali chako cha kweli. Mlipe posho yake ya siku mkikubaliana asubuhi, si jioni.

Ujue mwanga wa ghuba

Baraka iko upande wa magharibi wa Ghuba ya Burton. Mbele yake, mashariki, imelala rasi ndefu ya Ubwari, iliyoungana na bara upande wa kusini na kuchomoza kuelekea kaskazini. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipopita hapa mwaka 1858 wakielekea Uvira, Burton alidhani Ubwari ni kisiwa, na ukisimama ufukoni Baraka utaona kwa nini alidanganyika.

Kwa mpiga picha, ramani hiyo ni ratiba. Jua huchomoza nyuma ya Ubwari, kwa hiyo alfajiri ukiwa Baraka unapata vivuli vyeusi vya mitumbwi juu ya maji yenye rangi. Jioni jua linazama nyuma ya milima ya Mitumba, tena mapema kuliko unavyotarajia, kwa sababu milima imeinuka karibu sana na ufuko. Lakini mwanga ule wa saa kumi unapiga vilima vya Ubwari uso kwa uso. Ukitaka machweo juu ya maji, itakubidi uvuke ghuba na kusimama upande wa magharibi wa Ubwari, utazame Baraka na milima yake. Ukipanda mgongo wa rasi na kushuka upande wa pili, unatazama ziwa lililo wazi hadi Tanzania.

Rekebisha saa yako pia. Mashariki mwa Kongo iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kigoma jua huchomoza karibu saa moja asubuhi. Baraka ni karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Mgeni aliyesahau kurudisha saa nyuma anaweza kumwambia motari wake aje saa ambayo si ile anayoifikiria.

Kuhusu miezi: kiangazi, Juni hadi Agosti, barabara ni kavu lakini hewa hujaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na milima ya mbali hupotea. Zaidi ya hayo, nchi zinazolizunguka ziwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kila mwaka, hivyo uliza kwanza kama mialo inafanya kazi. Mvua za kwanza za Oktoba na Novemba huisafisha hewa huku njia nyingi zikiwa bado zinapitika. Ukiniuliza mimi, huo ndio wakati wake.

Namna ya kupapata pasipojulikana

Kabla ya kuondoka nyumbani, fungua picha za setilaiti na ufuate ufuko kutoka Baraka kwenda kusini na kuizunguka Ubwari. Tafuta vitu vitatu: mistari ya boti zilizovutwa mchangani, njia nyembamba za miguu zinazokutana sehemu moja, na midomo ya mito. Penye njia nyingi pana soko, kisima au mwalo. Andika majina, halafu wapelekee wenyeji wakuambie pakoje.

Ukifika, usiulize "mahali pazuri ni wapi?" Utapelekwa hotelini. Uliza maswali ya kazi:

- Ndagala zinashukia wapi, na saa ngapi?
- Boti mpya inaundwa wapi wiki hii?
- Ni nani anakamua mawese sasa?
- Siku ya soko ni ipi, na watu wa milimani wanashuka kwa njia gani?
- Bandari ya zamani ilikuwa wapi?

Waulize motari, mama wauza samaki, mafundi wa kuchaji simu na wanakwaya. Hao ndio wanaojua mji unakwendaje.

Mahali pa kuanzia

*Mwalo wa ndagala, alfajiri.* Ndagala, dagaa wa Kigoma, huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti, wavu ukashushwa katikati, taa zikawaita samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo angalia kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya kazini kwako: fika giza likiwa nene. Usiku huo simama ufukoni na kiguu cha kamera. Taa zilizotawanyika ziwani zitaonekana kama mji mwingine. Usiache kamera wazi kwa muda mrefu, maana mitumbwi inayumba na taa zitachora mistari. Sekunde mbili hadi nne zinatosha.

Kisha rudi pale kabla ya mapambazuko. Mitumbwi inapogusa mchanga, vijana wanarukia majini hadi kiunoni, na mama wameshasimama na mabeseni. Bei inapangwa kabla samaki hawajamaliza kushushwa, kwa sauti za juu na vidole. Dakika ishirini baadaye ndagala zimetandazwa, na mama mmoja ameinama akizisambaza kwa kiganja, taratibu, kila moja ipate jua lake. Hapo ndipo picha ilipo. Usiwahi kuondoka na umati wa mnada. Chuchumaa, subiri hadi jua lipande kidogo juu ya Ubwari, na ule mtandazo wote utang'aa kama fedha.

*Uwanja wa mafundi wa boti.* Boti za mbao huundwa palepale ufukoni, bila ukuta wala bango. Ubavu wa boti isiyokamilika ni fremu tayari: mtu ndani, ziwa nyuma. Omba uwepo siku ya kutia kalafati, fundi anapoziba nyufa kati ya mbao kwa nyundo na patasi. Saa nzuri ni ya asubuhi, mwanga ukiingia kwa pembeni. Katikati ya mchana funga kamera, kaa kivulini, zungumza.

*Mashine ya mawese.* Ukanda wa ziwa kutoka Mboko, kupitia Nundu hadi Baraka, ni nchi ya michikichi. Mashine za kukamulia ni za mkono au za injini ndogo, chini ya kibanda cha nyasi au bati. Kuna mvuke, kuna mapipa, kuna rangi nyekundu inayokolea kwenye kila kitu. Ndani ni giza na nje ni mwanga mkali. Usijaribu kuvishika vyote viwili. Simama ndani, upe mlango mgongo, uache mwanga wa nje umwangaze anayekamua. Mafuta ya moto hurukia lenzi, kwa hiyo beba kitambaa.

*Barabara ya Uvira hadi Baraka.* Ni kipande cha Barabara ya Taifa namba 5, chini kidogo ya kilomita mia moja, kinachopita Makobola, Swima, Mboko, Lusenda na Nundu. Ukitoka Uvira, kaa upande wa kushoto wa gari: ziwa lote liko upande wako. Asubuhi jua linaangaza milima, alasiri linaangaza maji. Madaraja usiyapige picha, wala barieri (vizuizi vya barabarani). Makobola pita kwa heshima ya pekee: raia wengi waliuawa pale kati ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Kama unataka kupiga picha mahali pa makaburi, nenda na mtu wa pale, kamera ikiwa mfukoni hadi atakapokuambia.

*Mlango wa Mto Mutambala.* Kaskazini mwa Baraka, mto unaingia ziwani ukiwa na tope, na maji ya rangi mbili yanakutana. Asubuhi kuna ndege na wavuvi wa nyavu ndogo. Viboko na mamba ni wenyeji wa ziwa hili, hivyo usishuke majini mahali ambapo mwenyeji wako hashuki.

*Ubwari.* Hapa ndipo ziwa linapojionyesha. Penye miamba, mbali na midomo ya mito, maji ni maangavu kiasi cha kuona samaki wa rangi wanaofugwa kwenye vioo huko Ulaya wakilisha juu ya mawe. Kamera ndogo ya majini, au hata simu ndani ya mfuko usiopenya maji, itakupa picha ambazo watu wachache mno wamezipata upande huu. Karibu na Rasi Banza, kwenye ncha ya kaskazini, watafiti walioshuka chini ya maji mwaka 1991 walikuta chemchemi za maji moto zikitoka sakafuni mwa ziwa. Vuka asubuhi, kabla ya upepo. Vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha atakucheka.

*Kupanda Fizi.* Kutoka Baraka hadi Fizi-kati ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda. Usiende mbio. Kila kona unayopanda, ghuba inazidi kufunguka nyuma yako, na ukifika juu hewa ni nyingine na nyumba ni nyingine. Watu wanaoshuka na mizigo ya muhogo na karanga wanatembea tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi utawakuta katikati ya njia. Milima ya mbele zaidi, kuelekea Lulenge na Misisi penye dhahabu, iache. Mwenye kamera karibu na machimbo hushukiwa na kila upande.

*Mahali pa historia pasipo na mnara.* Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma usiku kuwasaidia waasi, akatua Kibamba, kusini zaidi kwenye ufuko wa Fizi. Novemba akarudi Kigoma akiwa ameshindwa. Katikati ya miezi hiyo, Septemba, jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare walitua Baraka kwa njia ya maji. Miaka arobaini baadaye, 2005, UNHCR ilianza kuwarudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi hapohapo Baraka. Hutakuta kibao cha hata moja ya habari hizi. Mtafute mzee aliyekuwepo, mwombe asimame pale anapopakumbuka, mpige picha pale. Waliokuwa vijana mwaka 1965 sasa wana miaka themanini. Kazi hii haingoji.

Kuomba picha

Ukitoka Dar es Salaam au Mombasa, Kiswahili chako kitaeleweka, na utaambiwa unaongea "bora" hata kama huongei. Usikitumie kujikweza. Mwanamke mzima ni mama, mwanamume mzima ni papa au mzee, na salamu haifupishwi. Inatosha hivi:

"Jambo mama. Habari ya kazi?"

"Nzuri. Weye unatoka wapi?"

"Natoka Kigoma, mama. Ningeomba kupiga foto ya mikono yako ukianika ndagala. Ukikataa si neno."

Maneno ya mwisho ndiyo yanayopata ruhusa. Na akikataa, liwe kweli si neno: nunua samaki wake, endelea na safari. Usilipie picha mojamoja, maana kesho watoto wataacha shule kukufuata. Badala yake nunua kinachouzwa, na uache kitu kinachobaki. Mjini hakukosekani mahali pa kuchapisha picha. Siku ya pili mpelekee mama yule nakala. Kuanzia hapo mwalo mzima utakuwa wazi kwako.

Mtoto asipigwe picha bila mzazi kujua. Mkimbizi asipigwe picha bila ruhusa yake na ya wanaosimamia kambi: Lusenda, inayokaliwa na wakimbizi Warundi tangu 2015, ina utaratibu wake kupitia CNR (tume ya taifa ya wakimbizi) na UNHCR. Sherehe za jadi za Wabembe, wenyeji wa Fizi, hasa zinazohusu chama cha Bwami, ni za walioalikwa. Vinyago vya alunga, vile vyenye nyuso mbili, vingi vya zamani viko makumbusho ya ng'ambo kama Tervuren, Ubelgiji. Ukiuziwa "cha kale" sokoni, usinunue.

Mfuko wako

Kamera moja na lenzi mbili fupi zinatosha. Lenzi ndefu kama bunduki italeta maswali barierini. Beba kiguu chepesi, mfuko usiopenya maji, kitambaa, betri za ziada na chaja ya jua, kwa sababu umeme ni wa kubahatisha. Droni iache nyumbani. Vita vya Kivu sasa vinapiganwa kwa droni pia, na mtu anayesikia mlio juu ya paa lake hatajua kwamba ni wewe. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ziache pia.

Dola ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa. Noti yenye mpasuko mdogo itakurudia mkononi. Badilisha kiasi uwe na faranga kwa ajili ya soko na motari. Maji yachemshe au yatie dawa, maana kipindupindu hakijawahi kuuhama ukanda huu, na lala ndani ya chandarua.

Kabla ya kusambaza

Zima kipengele cha simu kinachoandika mahali picha ilipopigwa. Chuja picha zote zenye askari, barieri, antena na ofisi, hata kama zimeingia pembeni kwa bahati mbaya. Weka nakala ya pili kwenye kadi nyingine, mfuko mwingine. Usitume chochote mtandaoni ukiwa bado njiani. Subiri hadi umevuka, na mwenyeji wako ameona picha za kijiji chake na kusema sawa.

Na chini ya kila picha andika jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja: Baraka, Mboko, Nundu, Ubwari, Fizi-kati. Usiandike "mashariki mwa Kongo" na kuishia hapo, kama wafanyavyo wapiga picha wa dharura. Mwalo ule una jina, na mama yule anaishi pale. Ukishindwa kulitaja jina, basi hukukaa pale muda wa kutosha, rudi ukaulize.